Kushindwa Uchaguzi Siyo Kufa

(Mazungumzo na wanakisomo wa Kakesio)



Mara iliyopita mzee mmoja alituuliza: "Mwalimu, chama kikishindwa uchaguzi, si kimekwisha?" Leo tumjibu.

Ninyi wafugaji jibu mnalijua. Ukame ukimaliza ng'ombe, mwenye akili hauzi mitamba iliyobaki. Anaitunza. Maziwa hapati leo, lakini baada ya miaka boma linajaa tena.

Tutazame vyama viwili. Katika uchaguzi wa mwaka 1995, NCCR-Mageuzi kilipata viti 16 vya majimbo. Kisha viongozi wakagombana. Aliyekuwa mgombea wake wa urais, Bwana Augustino Mrema, akahamia TLP. Mwaka 2000 NCCR kikapata kiti 1. Mitamba iliuzwa.

Chadema kilianza na majimbo machache mwaka 1995. Moja ni la jirani zetu wa Karatu, alikoshinda Dk. Wilbrod Slaa. Mwaka 2005 kilisimamisha mgombea wa urais, kikapata kura 6 hivi katika kila 100. Je, kilifunga mlango? Hapana. Kilikwenda vijijini, kikafungua matawi. Mwaka 2010 CCM ilishinda tena, lakini Dk. Slaa alipata zaidi ya robo ya kura. Viti vya majimbo vya Chadema vikapanda kutoka 5 hadi 23.

Wala mpango siyo hirizi. Mwaka 2020 matokeo yaliyotangazwa yalikipa Chadema jimbo 1 tu, na chenyewe kiliyakataa. Kazi ikarudi mwanzo.

Hatuwaambii mpende chama gani. Hiyo ni siri ya mtu na karatasi yake ya kura. Tunasema kazi ya miaka mitano inataka watu wanaosoma. Lazima daftari la wanachama liandikwe. Lazima wakala kituoni aisome fomu ya matokeo kabla ya kutia sahihi. Asiyesoma hutia sahihi asichokijua, na kura za jirani zake zikapotea mikononi mwake.

Na ugomvi uishe kikaoni. Tusinyimane maji kwa sababu ya kura. Uchaguzi hupita, kisima kinabaki.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini NCCR kilipungua?

2. Wakala afanye nini kabla ya kutia sahihi?

3. Kamati yetu ikishindwa jambo, tuanzie wapi?