Kitabu Kimoja Hakitoshi

Leo tutasema juu ya kazi wanayopewa wanafunzi wa uuguzi na utabibu, nayo ni kuandika mapitio ya maandishi. Maana yake ni kukusanya yaliyoandikwa na wengine juu ya jambo moja, kuyapima, kisha kueleza yanatufundisha nini.

Labda utauliza, "Ya nini kusoma vingi? Kitabu cha mtaalamu mmoja hakitoshi?" Sikiliza habari hii.

Huko Marekani alikuwako daktari wa watoto, Benjamin Spock. Kitabu chake cha malezi, kilichotoka mwaka 1946, kilisomwa na mamilioni ya wazazi. Katika chapa ya miaka ya 1950 alishauri mtoto mchanga alazwe kifudifudi, asije akapaliwa na matapishi. Shauri lilionekana la busara, na wazazi wengi wakalifuata. Lakini wako watoto waliolazwa wazima, wakakutwa wamekufa usingizini.

Waliochunguza vifo hivyo waliandika, mmoja hapa, mwingine pale. Mwaka 2005 wataalamu wa Uingereza waliyakusanya maandishi hayo, wakaona ya kuwa yaliyokuwako kufikia mwaka 1970 yalitosha kuonyesha hatari ya kulala kifudifudi. Hata hivyo kampeni ya kuwalaza watoto chali ilianza Uingereza mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994. Walikadiria kwamba kama maandishi yangalikusanywa mapema, huenda watoto zaidi ya 10,000 wangaliokolewa katika Uingereza peke yake.

Basi, ukiandika, fuata njia hii.

Kwanza, shika swali moja, tena liwe wazi.

Pili, tafuta maandishi yote, hata yale yanayopinga mawazo yako.

Tatu, pima kila andiko. Walichunguzwa watu wangapi? Kwa njia gani? Jina kubwa la mwandishi si ushahidi.

Nne, usiandike tu, "Huyu kasema hivi, yule kasema vile." Eleza wanapatana wapi, wanapingana wapi, na lipi halijachunguzwa.

Zoezi: Chagua shauri moja la afya linalofuatwa nyumbani kwako. Andika katika daftari: Nani alilisema? Alijuaje? Yuko anayelipinga, na kwa sababu gani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo. Na mtoto mchanga, mlaze chali.