BIMA YA SAFARI: ISOMWE KABLA YA KUPANDA GARI

Hotuba iliyotolewa Mbalizi kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Msimu wa mazao ukiisha na malipo yakiisha kupokelewa, wengi wetu hufanya mipango ya mapumziko. Mmoja huwapeleka watoto Kyela kuliona Ziwa Nyasa; mwingine huvuka mpaka wa Kasumulu kwenda kuwaamkia ndugu zake Karonga; mwingine hupanda ndege hapa Songwe kwenda Dar es Salaam, kisha akavuka bahari hadi Unguja. Jambo hilo ni jema, kwani mkulima naye anastahili likizo. Lakini katika hesabu ya safari hiyo huandikwa nauli, chakula, malazi na zawadi, bima haiandikwi. Hudhaniwa kwamba kinga ipo tayari mahali fulani. Nimeombwa leo nieleze kinga hiyo ni ipi, na inakoma wapi.

Tuanze na gari. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inalazimisha kila gari liwapo barabarani liwe na bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Abiria wa basi akiumia kwa kosa la dereva, yeye anayo haki ya kudai fidia kwa kampuni iliyolikatia basi hilo bima. Akifa, haki hiyo ni ya warithi wake. Hata hivyo, haki bila ushahidi hailipwi. Zahitajika tiketi yenye jina la msafiri, namba ya gari, taarifa ya polisi na vyeti vya hospitali. Aliyepanda njiani bila tiketi amewaachia jamaa zake kazi ngumu ya kuthibitisha kwamba alikuwamo. Zaidi ya hayo, bima hiyo haimrudishii mtu gharama za likizo iliyovunjika.

Jambo la pili linavihusu vyama moja kwa moja. Mara nyingi wanachama huchangishana wakakodi gari dogo la mtu binafsi, au wakapanda nyuma ya lori la mizigo, kwa sababu bei ni nafuu. Ndugu zangu, bima hukatwa kwa matumizi yaliyotajwa katika hati yake. Gari lililokatiwa bima kwa matumizi ya nyumbani, likibeba abiria kwa malipo, limetoka nje ya mkataba. Kampuni ya bima inaweza kuyapinga madai. Mteremko wa kutoka Mbeya kuja Mbalizi tunaufahamu sote, na tumekwisha kuzika watu kwa sababu yake. Kiongozi anayekodi gari kwa niaba ya wanachama hana budi aione hati ya bima kwanza, asome aina ya matumizi, idadi ya abiria na tarehe ya mwisho. Unafuu wa nauli usinunuliwe kwa haki ya wajane na yatima.

Tatu, tuzungumzie mipaka. Bima ya gari ya kawaida inakoma Tunduma na Kasumulu. Mwenye gari anayekwenda Zambia au Malawi inampasa achukue Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hutolewa na makampuni ya bima hapa nchini. Mpango huo ulianza kazi mwaka 1987. Ingawa Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, bado inashiriki katika mpango wa Kadi hiyo. Kadi ya Njano hushughulikia madai ya mtu wa tatu katika nchi inayotembelewa, na pia matibabu ya dharura ya dereva na abiria wake waliopata ajali. Haitengenezi gari lako mwenyewe, wala haimtibu aliyeugua malaria hotelini.

Hapo tunafika kwenye afya. Kadi ya NHIF hutumika katika vituo vilivyosajiliwa na Mfuko hapa nchini. Hospitali ya Karonga au ya Nakonde haina mkataba nayo. Mgonjwa atadaiwa fedha taslimu. Na hata kwa safari ya ndani ya nchi, yafaa mwanachama aulize kabla ya kuondoka ni vituo gani huko aendako vinavyoipokea kadi yake.

Sasa ndipo inapoonekana kazi ya bima ya safari yenyewe. Hii hukatwa kwa jina la msafiri, kwa siku na nchi zilizotajwa. Kwa kawaida hulipia matibabu ya ghafula, mizigo iliyopotea, safari iliyovunjika kwa sababu zilizoorodheshwa, na kurudisha maiti nyumbani. Mwenye kujua gharama ya kusafirisha maiti kutoka mbali ataelewa uzito wa neno hilo la mwisho. Bima hii ikatwe siku ile ile nauli inapolipwa, maana fidia ya kuvunjika kwa safari haiwezi kumfaa aliyesubiri hadi mkesha wa kuondoka. Aliye na kisukari au shinikizo la damu aseme kweli katika fomu. Ugonjwa uliofichwa ni sababu ya kawaida ya madai kukataliwa. Na aisome sehemu ya mambo yasiyokingwa: ulevi, kwa mfano, au kuendesha pikipiki bila leseni.

Wako wenye watoto na jamaa wanaoishi ng'ambo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni asiye mkazi wa Tanzania anayeingia Zanzibar analazimika kukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar kwa dola 44 za Marekani, hata kama ana bima ya kwao. Mwanachama wa Mbalizi hahusiki na malipo hayo, lakini mkwewe mwenye pasi ya kigeni anahusika. Basi na aambiwe mapema.

Ndugu wanachama, wazee wanakumbuka kwamba baada ya Azimio la Arusha la 1967, bima ilikuwa kazi ya Shirika la Bima la Taifa peke yake. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni mengine, na sheria ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA. Leo makampuni na mawakala ni wengi, na matapeli nao hawakosekani. Hati ya bima ya gari huweza kuhakikiwa katika mfumo wa TIRA kwa namba ya gari. Mwenye simu na afanye hivyo. Mwenye dai lililokataliwa bila haki anaweza kulipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nawaomba makatibu wayashike mambo manne. Moja, chama kisikodi gari bila kuhifadhi nakala ya hati yake ya bima. Mbili, orodha ya wasafiri, pamoja na jina la mrithi wa kila mmoja, ibaki ofisini. Tatu, msafiri aache nyumbani nakala ya bima yake na namba ya simu ya kampuni. Nne, balaa likitokea, kampuni iarifiwe mara moja, na risiti zote zitunzwe.

Mfuko wetu wa kufa na kuzikana ni wa thamani, wala siudharau. Lakini mfuko huo hutoa sanda na jeneza. Hauwezi kulipia miezi ya kulazwa hospitali ugenini. Mzigo huo ukiangukia nyumba moja, shamba huuzwa. Bima ni mchango wa watu wengi wasiofahamiana, kila mmoja akitoa kidogo ili asianguke mmoja. Sisi wanaushirika hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Tunahitaji kulisoma katika hati, na kutia sahihi tukiwa tumeelewa. Tahadhari kabla ya hatari.

Nawatakia likizo njema na marejeo ya salama.