Maswali Mawili kwa Mpasuaji wa Moyo

Waheshimiwa wazee wa hekalu, mama zangu na ndugu zangu, namaste.

Wako watoto wanaozaliwa ilhali njia ya damu itokayo moyoni kwenda mapafuni imeziba au haikuumbika. Mwaka 1966, jijini London, daktari Donald Ross alimtengenezea mtoto wa namna hiyo njia mpya kwa mshipa wenye vali uliotolewa kwa binadamu aliyefariki. Mrija huo huunganisha chumba cha chini cha kulia cha moyo na mshipa wa mapafu. Vali yake huizuia damu isirudi nyuma.

Leo mirija mingine hutengenezwa kwa kitambaa maalumu kilichotiwa vali, na mingine ni mshipa wa shingo ya ng'ombe. Natambua uzito wa neno hilo katika ukumbi huu. Kwa hiyo nawasihi wazazi: ulizeni mapema, “Mrija huu umetokana na nini?” Msingoje hadi mlangoni pa chumba cha upasuaji, kwani hapo nafasi ya kutafuta mwingine imekwisha.

Swali la pili ni hili: “Utabadilishwa lini?” Mtoto hukua, mrija haukui, na vali yake huchakaa, hata uwe wa asili gani. Basi mwana akipona, akicheza na wenzake, msiikatishe kliniki. Daktari ndiye atakayeona mrija ukibana kabla moyo haujachoka.