Dirisha limeoza miguu tu



Juma hili tuiache bei ya sukari ipumzike kidogo, tuzungumze habari ya dirisha. Sisemi mlango. Mlango wa Zanzibar hauhitaji wakili. Umeshapigwa picha na kila mgeni aliyeshuka bandarini Malindi, na umeshachapwa kwenye kila postikadi. Leo nalisemea dirisha la mbao la Mji Mkongwe, lile tunalopita chini yake kila siku tukienda Darajani bila ya kuinua kichwa.

Nalisemea kwa sababu linang'olewa. Pita vichochoro vya Kiponda, Hurumzi, Mkunazini au Shangani, utakuta fremu kuukuu zimeegemezwa ukutani zikingoja gari la taka au jiko la mkaanga chipsi. Ukitazama juu, pale zilipotoka, pameshatiwa alumini na kioo cha kusukuma, au fremu mpya ya mbao mbichi iliyopigwa misumari kwa siku moja. Mwulize mwenye nyumba, atakwambia lile la zamani limeoza. Mimi nimezitazama fremu hizo nyingi kwa karibu, na nasema kuwa mara nyingi dirisha halikuoza. Limeoza miguu tu.

Kwanza tulifahamu lenyewe. Nyumba ya mawe ina kuta nene, nusu mita na zaidi, za mawe ya matumbawe na chokaa. Ndani ya ukuta huo dirisha husimama refu na jembamba. Upande wa nje lina pao za mti au nondo za chuma, na nyuma yake milango ya kufunga. Katika nyumba nyingi milango hiyo imegawiwa ya juu na ya chini, ili mtu afungue juu kwa ajili ya hewa na afunge chini kwa ajili ya stara. Katika majumba ya mwishoni mwa karne ya 19, yenye mkono wa mafundi wa Kihindi, utaona vibao vyembamba vilivyolazwa mshazari kimoja juu ya chengine. Upepo unapita, mvua haipiti, na mama aliyekaa ndani anaiona njia lakini njia haimwoni. Juu kabisa, baadhi yao wana upinde wenye vioo vya rangi au nakshi za kutoboa, na hapo ndipo joto linapotokea, maana hewa ya moto hupanda.

Waliokuwa hapa kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme ulipokatika Unguja nzima kwa miezi mitatu, na kaskazi imeshashika, hawahitaji mhadhara juu ya jambo hili. Wenye madirisha ya zamani walilala. Wenye vioo vya kusukuma, ambavyo hata ukivifungua hufungua nusu tu ya tundu, walihamia barazani.

Sasa, dirisha kama hili hutengenezwaje kwa mkono? Fundi mzuri haanzi kwa kupima dirisha, anaanza kwa kupima tundu. Ukuta wa mawe na chokaa hauna pembe zilizonyooka kama za kitabuni. Upana wa juu na upana wa chini huwa mbalimbali, na kati pengine pameingia kidogo. Fundi hukata ufito kwa kila upana, akautia alama, kisha hunyoosha uzi kutoka pembe hii mpaka ile, akageuza akapima pembe nyengine. Hata katika ukuta mmoja, madirisha mawili yaliyo jirani hayalingani. Ndiyo maana dirisha lililotengenezwa dukani kwa kipimo kimoja halikai. Linabaki na mwanya, na mwanya huo mwashi anauziba kwa saruji. Shikeni neno hilo la saruji, tutalirudia.

Kisha ubao. Wazee walitumia msaji ulioletwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi, na mvule na miti mengine kutoka Bara yetu. Siku hizi mafundi wanatumia mninga, mvule wakiupata, msaji wa kupandwa, na sana sana mfenesi, ambao ukipasuliwa huwa wa manjano kama bizari, kisha kadiri unavyokaa hugeuka hudhurungi. Ubao hupangwa kivulini, na kati ya ubao na ubao hutiwa vijiti ili upepo upite, ukakauka kwa miezi. Hapa ndipo haraka ya leo inapoharibu. Ubao mbichi ukiutia ukutani, utakauka humo humo ukutani, nao ukikauka hunywea na kujipinda. Mwaka wa pili dirisha halifungi, na mwenye nyumba anamlaumu fundi, na fundi anaulaumu mti.

Fremu yenyewe ni miimo miwili ya kusimama na vizingiti viwili, cha juu na cha chini. Ncha moja huchongwa ulimi, ya pili hutobolewa tundu kwa patasi, ulimi ukaingia kwa kugongwa. Halafu fundi anazitoboa zote mbili kwa pamoja na kupitisha kijiti cha mti mgumu uliokauka sawasawa. Msumari hautakiwi. Hewa yetu ni ya chumvi. Chuma hula kutu, kutu huvimba, na inapovimba huupasua mti kutoka ndani. Kijiti cha mti hakina tabia hiyo, na siku ukitaka kuifungua fremu unakigonga kinatoka. Msumari ulioshika kutu hautoki, unavunja.

Kuna jambo moja dogo ambalo kwangu mimi ndilo mtihani wa fundi. Kizingiti cha chini huchongwa kwa kuteremka kidogo kuelekea nje, ili maji yasitulie. Na chini yake, upande usioonekana na mtu, hupigwa mfereji mwembamba kama unene wa penseli. Maji ya mvua yanapozunguka chini ya kizingiti kutaka kurudi ukutani, yanafika kwenye mfereji huo, yanashindwa kuvuka, yanadondoka. Ukitaka kujua fremu imefanywa na nani, tia kidole chini ya kizingiti kabla hujaitazama nakshi.

Nakshi huja mwisho. Huchorwa kwa penseli na bikari, kisha hufuatwa kwa patasi za upana mbalimbali na nyundo ya mti. Utaona waridi, yungiyungi, kuti la mtende, mnyororo unaozunguka ukingo. Watembeza wageni wana tafsiri ya kila kitu: samaki ni uzazi, mnyororo ni ulinzi, mtende ni neema. Huenda. Lakini nadhani mara nyingi tajiri aliyejenga alimwambia fundi amfanyie kama ya jirani yake, ila kubwa zaidi. Dirishani nakshi huwa chache kuliko mlangoni, pengine ukanda mmoja tu juu na ua moja katikati. Mlango unatazamwa kwa karibu, dirisha linatazamwa na mtu aliye chini njiani. Kwa hiyo fundi wa dirisha huchimba ndani zaidi ili kivuli kishike, na humwona akishuka chini barabarani mara kwa mara kwenda kuitazama kazi yake kwa macho ya mpita njia.

Turudi kwenye miguu na saruji. Mvua inapopiga, maji huteremka kwa miimo na kukutana na kizingiti cha chini. Pale ncha ya mwimo imekaa juu ya kizingiti, na ncha ya mti hunywa maji kama mrija. Zamani ukuta wa chokaa ulikuwa unaunyonya unyevu huo na kuutoa nje jua likiwaka. Tulipoanza kuzipaka nyumba hizi plasta ya saruji, tukaufunga ukuta pumzi. Maji yanaingia kwa kila ufa na kila paa linalovuja, hayapati pa kutokea ila kwenye mti. Kwa hiyo mwimo unaoza kutoka chini, shibiri moja, pengine mbili. Juu ya hapo ubao ni mzima, mkavu, mzito, wa zaidi ya miaka mia, wa aina ambayo leo hata ukiwa na fedha huipati kwa urahisi.

Dawa yake mafundi wanaijua. Hukata sehemu iliyooza mpaka wafike penye mti mzima, na hukata kwa mshazari unaoteremka kuelekea nje, ili kiungo kiwe kirefu na maji yasikae ndani yake. Kisha huunga kipande kipya cha mti wa namna ile ile, nyuzi zake zikielekea kule kule, hupiga vijiti, na pembeni huziba kwa chokaa. Futi moja ya ubao inaokoa fremu nzima. Baada ya hapo ni mafuta ya kutunzia mti kila mwaka. Oili chafu ya gari tafadhali iacheni huko huko gereji. Hushika vumbi, hunuka, na inazima sura yote ya mti.

Kwamba kazi hiyo inawezekana, nendeni mkatazame lile jumba la Mizingani tunaloliita Hospitali ya Zamani, lililoanzishwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan. Sura yake yote ni mbao: roshani, nguzo, nakshi za kutoboa, vioo vya rangi. Lilifika pabaya sana. Shirika la Utamaduni la Aga Khan lililitengeneza, kazi ikamalizika mwaka 1996, na mikono iliyofanya kazi ilikuwamo mikono ya mafundi wa hapa hapa.

Mtaniuliza, haya yote yanahusiana nini na watu wa shamba? Yanahusiana sana, na hapo ndipo pananiuma.

Mwendo wa kilomita 35 hivi kutoka mjini upo msitu wa Jozani, msitu mkubwa wa asili uliobakia Unguja. Pamoja na mikoko ya Ghuba ya Chwaka, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, eneo la kiasi cha kilomita za mraba 50. Mji huu una deni na misitu ya namna hiyo. Dari zetu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu lakini havina upana. Kwa kweli ni mkoko uliompimia tajiri chumba chake. Leo miti ya hifadhi haikatwi. Wanakijiji wa Pete, Kitogani, Charawe na Chwaka tumewaambia wasikate, hata pale walipozoea kupata kuni na nguzo tangu enzi za babu zao. Wengi wamekubali, na baadhi yao ndio walinzi wake.

Basi mtu wa Charawe anaambiwa auache mti uliosimama, na mtu wa Mkunazini anautupa jaani msaji uliokwisha katwa, ukakaushwa, ukachongwa na kunakshiwa. Na fremu mpya anayoitaka lazima itokane na mti fulani mahali fulani. Mninga unatoka Bara, nako unapungua. Mwaka 2022, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Panama, ilikubaliwa kuwa biashara ya kimataifa ya mninga wa Afrika iwe kwa vibali. Mfenesi tunao wenyewe mashambani, na mfenesi uliozeeka usiozaa ni halali kuupasua. Lakini mfenesi haukui kwa mwaka mmoja, na sioni wengi wanaopanda kwa kufikiria seremala.

Najua jibu la mpangaji: nyumba si yangu. Ni jibu la haki. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za serikali tangu baada ya 1964, nyengine ni za wakfu, nyengine zina warithi ishirini waliotawanyika Dar es Salaam, Maskati na London. Mwaka 1992 zilihesabiwa nyumba zaidi ya 1,700 katika Mji Mkongwe, na kiasi cha robo tatu zilikutwa katika hali ya kuharibika. Hapo mpangaji anatoa kodi ndogo, mwenye nyumba anasema kodi hiyo haitoshi hata chokaa, na dirisha halina baba. Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, inatoa kibali na inaweza kukataza alumini. Lakini kukataza hakuungi mguu. Ningependa kuona mwenye kuomba kibali cha kung'oa dirisha anapelekewa kwanza fundi wa kulitazama, na ikiwa linaungika, gharama ya futi moja ya ubao igawanywe baina ya mwenye nyumba, mpangaji na Mamlaka. Itakuwa ndogo kuliko ya kumfuata mtu mahakamani. Na vijana wa skuli za ufundi wangepata pa kujifunzia, maana kuunga mguu kwa mshazari hakufundishiki ubaoni.

Masika huanza mwezi wa Machi. Kabla ya hapo, chukua kisu kidogo, nenda kwenye dirisha lako, chomeka mguu wa mwimo pale unapokutana na kizingiti cha chini, kulia na kushoto. Kisu kikizama, panda shibiri moja uchomeke tena, kisha nyengine. Pale kinapogoma kuingia, tia alama kwa chaki, halafu mwite fundi umwonyeshe alama hiyo kabla hajafungua mkoba wake.