Kupimwa mbele ya kuugua

(Maneno ya tume ya afya kwenye mkutano wa wanachama, Bunia)



Tunataka kila mwanafunzi anayesaidiwa na chama apimwe mara moja kwa mwaka, hata kama hasikii maumivu. Wengi wenu mumetuuliza: mutu hana homa, anaenda masomoni kila siku, anacheza mupira, munamupeleka kwa munganga kutafuta nini? Ulizo hilo ni la haki, kwani feza ya sanduku inatoka mikononi mwenu.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 2018 wengi wetu tuliacha Djugu, tukashuka Tchomia na Kasenyi, tukavuka Ziwa Albert kwa mitumbwi mpaka Sebagoro, kisha kambi ya Kyangwali, Uganda. Mwezi wa pili wa mwaka ule kipindupindu kilitukuta kule. Ule ni ugonjwa wa kelele: mutu anaanza kuhara asubuhi, mangaribi kila mutu anajua na amekwisha kukimbizwa kwa waganga. Lakini ziwa liko na ugonjwa mwingine, huo ni wa kimya. Ni bilharzia ya tumbo, ile wengine wanaita kichocho.

Mududu wake anatoka ndani ya konokono wadogo wa majini, anapita katika ngozi ya mutu anayeoga, anayefua ao anayevuta wavu. Anaingia katika mishipa ya damu karibu na matumbo, na anaweza kuishi humo miaka mingi. Mayai yake ndiyo yanaharibu zaidi. Mengine yanatoka na choo, mengine yanabebwa na damu mpaka kwenye ini, yanakwama pale, ini linafanya makovu. Kijana anaendelea kusoma, anasema tu: «Leo nimechoka, tumbo linaniuma kidogo.» Miaka inapita. Siku moja tumbo linavimba, ao anatapika damu. Ndipo maneno ya sumu na ulozi yanaanza, jamaa zinachukiana, feza zinaisha kwa wafumu.

Na dawa iko! Inaitwa prazikwanteli, vidonge vya kumeza siku moja kufuatana na uzito wa mutu. Lakini ini likisha kuharibika sana, vidonge haviwezi kulirudisha kama zamani. Ndiyo maana tunasema: mbele ya kuugua.

Juu ya nini kila mwaka? Kwanza, dawa hii inaua wadudu wakubwa, lakini wale wachanga inawashindwa, na haimukingi mutu kesho. Mwanafunzi akienda likizo Kasenyi kusaidia wazazi kazi ya samaki, anaweza kurudi nayo tena. Pili, choo cha siku moja kinaweza kukosa mayai hata kama mududu yuko. Basi umwambie munganga kwamba uliishi kando ya ziwa, na akikuomba kuleta choo siku nyingine, usione haya.

Tukisha kufika labo, tuulizie na mengine yanayokaa kimya: tansio, homa ya ini B, virusi vya Ukimwi, na kifua kikuu kwa mwenye kikohozi cha wiki mbili. Tujue pia damu yetu: AA, AS ao SS. Wawili wenye AS wakioana, kila mimba iko na nafasi moja kati ya nne ya kuleta mutoto wa SS. Ni vizuri kuzungumza hayo mbele ya posa.

Vijana, tunajua woga wenu. Munajiuliza: «Wakikuta ugonjwa, si wataniondoa kwenye liste ya minervali?» Hapana. Karatasi ya matokeo ni yako. Kamati itaona risiti ya malipo tu, na hakuna atakayekatiwa musaada juu ya ugonjwa. Siri hiyo isipochungwa, mpango huu utakufa, na itakuwa haki ufe.

Ndugu wafadhili, ninyi munalipa minervali, na tunawashukuru. Lakini mwanafunzi akilazwa mwaka wa tatu, yote muliyolipa nyuma yanalala naye kitandani. Kutafuta mayai ya bilharzia kunahitaji darubini na mutu aliyefundishwa, na hapa Bunia watu hao wako. Tunaomba gharama ya vipimo iandikwe pamoja na minervali, katika musitari mumoja.

Mbele ya mwaka wa masomo kuanza, kila mwanafunzi apite kwa katibu kuchukua barua. Mwenye karatasi za chanjo ao kadi ya kliniki ya Kyangwali, ailete kwa munganga. Tutaanza na waliokaa kando ya ziwa, kisha wengine wote.