Njia Panda ya Segera: Umoja wa Wakristo na Meza Tusiyoshiriki

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi majirani zetu Waislamu mliokuja kusikiliza, asalaam aleikum. Mmeona wenyewe: sijatamka neno la maana, tayari nimesalimu mara tatu, na mbili kati ya hizo ni kwa watu wa Bwana mmoja.

Nimeombwa nizungumzie umoja wa Wakristo katika kueneza Injili. Wengine wangeanzia Roma. Mimi naanzia hapa barabarani. Basi la kutoka Chalinze likifika Segera na kukata kulia, linakwenda Muheza, na jirani na Muheza ipo Magila, misheni kongwe ya Waanglikana wa shirika la UMCA. Likikata kushoto linapita Korogwe hadi Mombo, inakoanzia njia ya kupanda Lushoto, milima ambayo Walutheri wa misheni ya Betheli waliingia miaka ya 1890. Dhehebu la bibi yako, mara nyingi, lilitokana na kona aliyokata mmisionari. Mashirika ya Kiprotestanti ya Afrika Mashariki yalizoea kugawana maeneo hivyo, yakauita mpango huo maelewano. Mimi naona ni mipaka ya mashamba: huzuia ugomvi, lakini haiwafanyi majirani kuwa ndugu.

Juni 1913, huko Kikuyu nchini Kenya, baadhi walijaribu zaidi. Waanglikana wa shirika la CMS, Wapresbiteri wa Scotland, Wamethodisti na Africa Inland Mission walipanga shirikisho, kisha wakashiriki Meza ya Bwana pamoja ndani ya kanisa la Wapresbiteri. Aliyeongoza ibada ni Askofu Peel wa Mombasa. Aliyewaka ni Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake ilifika Magila na Korogwe, yaani huku kwetu. Aliwashtaki Peel na Askofu Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai wameiacha imani ya Kanisa lao.

Ni rahisi kumfanya Weston adui wa umoja. Sikubali. Alisema wazi kile ambacho wengine walikifunika kwa tabasamu: kwamba watu wasiokubaliana juu ya uaskofu na sakramenti hawawi kitu kimoja kwa kuimba pamoja siku moja. Tena mtu huyo huyo, kwenye mkutano wa maaskofu wa Lambeth mwaka 1920, aliunga mkono wito wa umoja kwa Wakristo wote. Alifariki mwaka 1924 Hegongo, jirani na Magila.

Na wakati wakubwa wakibishana juu ya Kikuyu, Vita vya Kwanza vya Dunia vikawaondoa wamisionari wenyewe. Wajerumani waliwafunga wamisionari wa UMCA; baadaye Wajerumani wa Betheli nao wakafukuzwa nchini. Kulia na kushoto kwa Segera, waliobaki na kazi ni walimu na viongozi Waafrika.

Umoja wenye matunda zaidi, kwa maoni yangu, ulipatikana mahali ambapo wanateolojia hawakuutazamia sana: kwenye tafsiri ya Biblia. Mwanzoni kila upande ulikuwa na yake. Biblia ya Kiunguja, iliyotokana na kazi ya Askofu Edward Steere wa UMCA, ilikamilika mwaka 1891. Mombasa wakapata ya Kimvita mwaka 1914. Karl Roehl, Mlutheri aliyewahi kuandika sarufi ya Kishambaa, akatoa yake mwaka 1937, akikwepa kadiri alivyoweza maneno yenye asili ya Kiarabu. (Jaribu kuhubiri dakika tano bila maneno hayo, uone.) Mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Muungano kwa Kiswahili sanifu. Na Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990 ni kazi ya Wakatoliki na Waprotestanti kwa pamoja. Watu waliokaa miaka wakibishana kuhusu neno moja, wakakubaliana kulichapa, wamefanya zaidi ya maazimio mengi.

Lakini meza bado ni mbalimbali. Kwenye msiba tunabeba jeneza moja, tunaimba nyimbo zinazofanana, tunapika chungu kimoja. Jumapili kila mtu na njia yake, kama mabasi ya hapo nje. Viongozi wa makanisa ya Segera, Handeni na Korogwe, nawaomba jambo moja: waelezeni waumini wenu, kwa Kiswahili chepesi na mkiwa mmeketi pamoja, ni kwa nini bado hawashiriki meza moja. Wanauliza.