Makaratasi ya Lopitali Tuliyoacha Kambini

(Maneno niliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Mpala)

Wiki mbili sasa watu wanazungumuzia mashini ya protoni, na wengine wanasema tuuzishe moteri ya mtumbwi wa chama ili mtoto wetu apelekwe Ulaya. Basi nieleze.

Mtoto tunamujua wote. Alipasuliwa kichwa na kupigwa mionzi Dar es Salaam, wazazi wakiwa bado Nyarugusu. Alipona, akacheza mpira hapa pwani. Sasa kichwa kinamuluma kila asubuhi, anatapika, anatembea kama mlevi. Picha ya Lubumbashi imeonyesha uvimbe umerudi.

Protoni si uongo. Watu wa kwanza walitibiwa nayo Berkeley, Marekani, mwaka 1954. Mionzi ya kawaida inaingia upande huu wa kichwa na kutokea upande wa pili, ikichoma kila inachopitia. Protoni inasimama pale munganga alipoipimia, nyuma yake karibu hakuna kitu kinachoguswa. Kwa mtoto ambaye ubongo unakua bado, hiyo ni faida kubwa. Lakini Kongo haiko, Tanzania haiko, Zambia haiko.

Na kuna jambo ambalo watu hawasemi. Ubongo hausahau mionzi ya kwanza. Kwa uvimbe wa aina nyingi za watoto, dozi inafika grei 54 hivi, wanaigawanya kwa siku 30. Kama uvimbe umerudi palepale, hata protoni itapiga palepale palipokwisha kuchomwa. Ndiyo maana munganga yeyote, wa Dar au wa Ulaya, ataanza na ulizo moja: mara ya kwanza alipata grei ngapi, sehemu gani, mwaka gani? Pengine atasema apasuliwe tena, pengine dawa, pengine mionzi kidogo. Bila jibu hilo atakuwa anapiga gizani, na akikosea mtoto anaweza kupoteza macho au akili.

Makaratasi yako wapi? Baba yake aliniambia: yalibaki Nyarugusu, ndani ya sanduku walilomwachia jirani. Fomu ya kurudi kwa hiari anayo mpaka leo, ndani ya plastiki. Sisi wa mashirika tulihubiri fomu, fomu, fomu. Juu ya makaratasi ya lopitali hatukusema neno. Hata mimi, nilikuwa pale nikihesabu magodoro.

Kwa hiyo ninaomba moteri ibaki. Kesi ya chama ilipe safari ya mtoto na baba yake: mtumbwi mpaka Kalemie, bato mpaka Kigoma, halafu treni. Lopitali iliyomupiga mionzi ndiyo ya kuuliza kwanza dozi yake. Wafadhili waliotuandikia kuhusu protoni, ninawaomba feza yao ianzie hapo; munganga akisema protoni inafaa, tutawaandikia tena na namba mkononi.

Na wewe uliyepasuliwa au kulazwa Lugufu, Nyarugusu au Zambia, Jumamosi leta makaratasi yako. Nitakuwa hapa na simu ya kupiga picha, kuanzia saa mbili.